Mtoto ana chunjua mikononi: hayo maji ya betri yaweke chini kwanza

"Asalaam aleikum daktari. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, tunakaa Kisauni. Mwaka jana baada ya Ramadhani alitoka kidutu kimoja kwa kidole cha shahada, nikapuuza, sasa ziko saba mikono yote miwili na moja iko chini ya unyayo inamuuma akitembea. Nyanyake anasema ni kuhesabu nyota. Ile kubwa tuliifunga kwa unywele, haikukatika, ikatoa damu tu. Halafu jirani akatuambia tutie maji ya betri, tukatia kidogo kwa kijiti, mtoto akalia usiku kucha na sasa pale pana kidonda na chunjua imerudi pembeni yake. Kuna mahali wameniambia watazichoma zote siku moja lakini pesa yake ni nyingi. Babake anapara samaki sokoni na yeye pia anazo mikononi miaka na miaka. Chuoni maalim amemwambia asiwape wenzake mkono. Naomba kujua, hizi zina mizizi? Ni dalili ya ukimwi au saratani? Na nifanye nini, manake mtoto ashaanza kuficha mikono mfukoni."

Waaleikum salaam dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hapo pa mtoto kuficha mikono mfukoni ndipo paliponishika, kwa sababu wengi wanaoletwa kwangu na chunjua hawaletwi kwa maumivu, wanaletwa kwa macho ya watu. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini tuanze na kidonda, hicho ndicho chenye haraka. Chunjua zenyewe zinaweza kungoja.

Maji ya betri ni asidi kali sana, asidi ya salfa. Ikigusa ngozi haichagui hii chunjua na hii nyama ya mtoto, inakula kwenda chini mpaka ile sehemu ya ngozi ambayo ikishaharibika hairudi ilivyokuwa, inarudi kovu. Nimewahi kumtibu kijana fundi wa magari, alitia maji ya betri juu ya kifundo cha kidole gumba akitaka kumaliza chunjua moja tu. Alivyonijia, ngozi ya juu ilikuwa nyeupe kama karatasi iliyoroa na katikati pana shimo. Ilipona, lakini kovu lilivuta, kile kidole mpaka leo hakinyooki sawasawa, na chunjua ikatoka tena kuzunguka lile kovu mviringo kama shanga. Kwa hivyo usirudie hata tone moja, na hicho kikopo kisikae nyumbani penye watoto.

Kidonda cha mwanao kioshe kwa maji safi na sabuni ya kawaida mara moja au mbili kwa siku, kikaushe kwa kugusagusa, paka vaselini safi, funika kwa bandeji. Usitie chumvi wala majivu wala dawa ya meno. Na kwa sababu kiko kidoleni, na kilichochoma ni asidi, mpeleke aonekane wiki hii hata kama kinaonekana kinapona, ukaulize pia kuhusu sindano ya pepopunda kama hukumbuki chanjo zake. Lakini ukiona kidole kimefura, kina joto kuliko vingine, kinatoa usaha, hawezi kukikunja au amepata homa, hapo usingoje wiki, ni siku hiyo hiyo. Wekundu usiutegemee sana kama dalili, kwa ngozi zetu nyeusi hauonekani vizuri, tumia mgongo wa mkono wako kupima joto.

Sasa tuje kwenye mizizi. Chunjua haina mizizi. Najua watu wengi wameapa wameiona, na kweli kuna kitu wameona, wacha nikueleze ni nini. Mgonjwa akiwa tayari huwa nachukua wembe mpya wa hospitali naiparaza chunjua kwa juu polepole huku mzazi anaangalia. Kwanza inatoka unga mweupe kama machicha ya nazi, huo ni ngozi iliyokufa ikarundikana. Ukiendelea kidogo unaona vidoti vyeusi, vidogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa, na hapo mzazi hushtuka anasema ndio hiyo mizizi. Ukiparaza tena kidogo tu, kila kidoti kinatoa tone la damu. Hivyo ni vimishipa vya damu ambavyo chunjua imevivuta juu vije kuilisha, na damu ndani yake ikaganda ikawa nyeusi. Havina kazi ya kuishikilia chini kama mzizi wa mhogo.

Fikiria chapati ya kuchambuka, tabaka juu ya tabaka. Ngozi ya juu iko hivyo, na chunjua inaishi katika hayo matabaka ya juu peke yake. Inaweza kuwa nene ikasukuma chini, hasa unyayoni kwa uzito wa mwili, lakini haivuki kuingia kwenye nyama wala haiko ndani ya damu. Hili ukilielewa utaona kwa nini kuchimba na kukata kwa uzi na kuchoma kwa asidi ni kumuumiza mtoto bure: unaharibu kule chini ambako chunjua haipo, halafu pembeni kule juu ambako ipo unaiacha.

Kinacholeta ni virusi, jina lake virusi vya papiloma, kwa kifupi HPV. Vinaingia kwa mkwaruzo mdogo ambao hata hukuuona, au ngozi iliyolainika kwa maji, vinakaa kwenye tabaka la chini la hiyo ngozi ya juu na kuziamrisha seli zizaane haraka kuliko kawaida, ndio unapata kile kidutu kigumu kama koliflawa. Kutoka siku vilipoingia mpaka siku chunjua inaonekana inapita miezi, mara nyingi kati ya mmoja na sita, wakati mwingine zaidi. Kwa hivyo ukianza kutafuta nani alimwambukiza utamlaumu mtu wa bure. Na nyota dada yangu hazimo, wala chura ambaye wengine humlaumu hayumo. Nyanyake mtoto namheshimu, mama yangu mzazi pia alitukataza kuhesabu nyota na tukatii, lakini mtoto asibebeshwe kosa ambalo hakulifanya. Mtoto wa miaka 9 akiambiwa umejiletea mwenyewe, anaamini.

Umeuliza saratani, na naelewa uoga umetoka wapi, kwa sababu hilo jina HPV umelisikia kwenye mambo ya saratani ya mlango wa kizazi. Virusi hivi viko aina zaidi ya mia moja na kila aina ina mtaa wake. Zile za mikono na nyayo ni kama namba 1, 2, 4, 27 na 57. Zile bapa za usoni ni namba 3 na 10. Za sehemu za siri mara nyingi ni 6 na 11. Saratani ya mlango wa kizazi inatokana sana na 16 na 18. Jina la ukoo ni moja lakini tabia ni mbali mbali, na chunjua ya kidole cha mtoto mwenye afya haigeuki saratani. Ile chanjo iliyozinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10 ni ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na kama una binti mpeleke apate bila kusita, ila usitegemee kwamba itazuia chunjua za mikono, hizo aina hazimo ndani yake.

Ukimwi vilevile. Chunjua ni ugonjwa wa watoto wa shule kila pahali duniani, watoto wazima kabisa wanaokula wanakimbia wanaogelea. Chunjua saba kwa mtoto anayekua vizuri hainipi shaka yoyote. Kitu kinachonifanya niulize habari ya kipimo ni mtu, hasa mtu mzima, ambaye zimemlipuka nyingi ghafla, kubwa, zinagoma kila dawa, na tena anaugua ugua mambo mengine, anakonda, ana vidonda mdomoni. Hapo nasema wazi kwamba tupime, na hata hivyo napima ili nimsaidie.

Sasa kwa nini zinakaa sana? Hapa ndipo pana siri ya ugonjwa wenyewe. Virusi hivi havilipui seli, haviingii kwenye damu, havileti homa, vinaishi kimya kimya kule juu ambako walinzi wa mwili hawapiti sana. Kinga ya mtoto wako sio dhaifu, haijapata habari tu kwamba kuna mgeni. Siku ikipata habari inafanya kazi ya ajabu, utaona chunjua zinasinyaa zote pamoja, hata zile ambazo hukuzitia kitu. Kwa watoto karibu nusu huondoka zenyewe ndani ya mwaka mmoja, na karibu theluthi mbili ndani ya miaka miwili. Na ndio maana kila mtaa una dawa yake ya chunjua inayoapiwa kwamba inaponya, mtu alifunga unywele au alipaka utomvu wa mpapai wiki ile ile ambayo mwili ulikuwa ushaamka.

Kwa hivyo kungoja bila kufanya kitu ni chaguo halali, na kama mwanao angekuwa na moja tu isiyomsumbua ningekuambia ngoja. Lakini huyu anaumwa unyayo na anaficha mikono, basi tutibu, na tutibu kwa kitu ambacho hakitamwachia alama ya maisha kwa ajili ya ugonjwa wa kupita.

Dawa ya kuanzia ni asidi ya salisiliki. Neno asidi lisikutishe, hii haina uhusiano na ya betri. Kazi yake ni kuyeyusha ile gundi inayoshikanisha ngozi iliyokufa, matabaka yanabanduka kidogo kidogo, na ule mwasho mdogo inaoleta unawaita walinzi wa mwili waje waangalie kuna nini. Iko kwenye kemisti nyingi bila kuandikiwa. Kwa mtoto anza na ya matone yenye nguvu ya asilimia 17 hivi. Zile za kubandika za asilimia 40 ni za unyayo mgumu, kwa mtoto usizitumie kabla ya kuulizia.

Jinsi ya kuitia ndio kila kitu, nimeona watu wengi wakisema dawa haifanyi kazi kumbe wanapaka kwa juu tu kama mafuta. Usiku kabla ya kulala mtoto aloweke mikono kwenye maji ya vuguvugu dakika tano mpaka kumi, na mguu pia, mpaka ile chunjua igeuke nyeupe nyeupe na laini. Kausha. Halafu chukua tupa ya kucha, ile ya bei rahisi ya karatasi, sugua ule unga wa juu taratibu, ukiona inakaribia kuuma au kutoa damu umefika acha. Hiyo tupa ni ya chunjua peke yake, asiiguse mtu mwingine nyumbani na isiguse ngozi yake isiyo na chunjua, na baada ya wiki itupe uchukue nyingine. Sasa paka vaselini duara kuzunguka chunjua kwenye ngozi isiyo na ugonjwa, hiyo ndio boma lako, kisha tone moja la dawa katikati kwa kijiti cha meno, ngoja likauke, funika na plasta. Asubuhi bandua. Usiku unarudia. Ile iliyo karibu na kidonda cha betri usiiguse kabisa mpaka kidonda kifunge.

Utafanya hivyo kila usiku wiki 12. Narudia wiki 12, kwa sababu wiki ya tatu ndipo watu wanapochoka na kurudi kwa jirani mwenye kijiti. Pakichubuka au pakauma sana, pumzisha siku tatu nne uanze tena. Chupa ifunge vizuri sana, inakauka haraka, na iweke mbali na jiko manake nyingi ya hizi dawa zinashika moto. Usoni usiitie kamwe, wala sehemu za siri, wala juu ya baka la kuzaliwa. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari au miguu yenye ganzi asijitibu na dawa hii nyumbani, kidonda kidogo cha unyayo kwake kinaweza kuishia pabaya. Na kama mtoto alishawahi kudhurika na aspirini, mwambie mtu wa kemisti kabla hujanunua, hizi ni dawa za ukoo mmoja.

Habari ya kuchoma zote siku moja. Kuna kuchoma kwa baridi na kuchoma kwa umeme, na watu wanaziita zote kuchoma, kwa hivyo kwanza uliza ni ipi. Ya baridi wanatumia naitrojeni iliyogeuzwa maji, baridi yake ni digrii 196 chini ya sifuri, inagusishwa sekunde chache, inauma kama kuungua, halafu panatoka lengelenge. Inafanya kazi, lakini sio siku moja, kwa kawaida unarudi kila baada ya wiki mbili tatu, mara tatu nne au zaidi, na kila mara unalipa. Uholanzi walilinganisha mwaka 2010 wakaona kwa chunjua za mikono baridi iliwaponya karibu nusu ya watu kwa wiki 13, asidi ya salisiliki ikiwa nyuma sana, ila kwa chunjua za unyayo hapakuwa na tofauti ya maana. Uingereza mwaka 2011 walichukua watu 240 wenye chunjua za unyayo, nusu wakapewa baridi na nusu asidi ya kujipaka, na kwa wiki 12 pande zote mbili waliopona kabisa walikuwa asilimia 14 tu. Nakuambia hivi kwa sababu ukienda ukiamini itaisha siku moja, itakuvunja moyo na mfuko. Jambo lingine ambalo kwetu linahitaji kusemwa, baridi inaua rangi ya ngozi. Kwa ngozi nyeusi panabaki doa jeupe ambalo huchukua miezi kurudi na mengine hayarudi, na mtoto anayeficha mikono kwa sababu ya vidutu ataficha kwa sababu ya madoa.

Ya umeme na ya kukata kwa kisu mimi siiungi mkono kwa mtoto huyu. Inahitaji sindano ya ganzi kila pahali, inaacha kovu, kuna watu kovu lao linainuka likawa kubwa kuliko chunjua yenyewe, na virusi kwenye ngozi ya pembeni vinabaki kwa hivyo zinaweza kurudi pale pale. Unyayoni ndio mbaya zaidi, kovu la unyayo linaweza kuuma kila hatua miaka yote. Pesa hiyo dada iweke. Kama wiki 12 zimepita umefanya kwa uaminifu na hazijapungua, hapo nenda kliniki ya ngozi kwenye hospitali kubwa ya rufaa, baridi itakuwa na maana kwa zile chache zilizogoma, na kuna mbinu nyingine kama kudunga sindano ndani ya chunjua moja ili kuamsha kinga imalize zote, lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu aliyemuona mtoto.

Dawa za nyumbani nizipitie haraka. Plasta nzito ya gundi, ile ya mafundi, ilisifiwa sana Marekani mwaka 2002, majaribio ya baadaye hayakuona maajabu hayo, ila haina madhara makubwa, ndio maana nakuambia funika. Utomvu wa mpapai unakula protini na kuwasha, kuponya haujathibitika. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa usiku kinachoma ngozi ya mtoto, nimeona malengelenge yake. Na tafadhali sana, mafuta ya maganda ya korosho, huko Kilifi watu wanayajua vizuri yanavyochuna mikono ya wanaobangua, yasifike kwenye ngozi ya mtoto kabisa.

Ile ya unyayo kabla hujaitia dawa hakikisha ni chunjua. Sugu tu, mistari ya ngozi inapita juu yake bila kukatika, na ukiibonyeza kutoka juu ndio inauma. Chunjua inaikata ile mistari, ni kama mistari inaizunguka, na inauma ukiibana kutoka pande mbili kama unabana tambi. Funza naye kwetu pwani tusimsahau, huyo ana doti moja jeusi katikati ya uvimbe mweupe na anawasha, na amekuja kwa siku chache, sio miezi. Ukiona baka jeusi bapa unyayoni au chini ya ukucha linalopanuka, kingo zake haziko sawa, hasa kwa mtu mzima, hilo halitiwi dawa ya chunjua hata siku moja, linapelekwa hospitali. Bob Marley aliyefariki 1981 saratani yake ya ngozi ilianzia kidole cha mguu, na ni aina ambayo watu weusi huipata pale pale miguuni na viganjani.

Maalim wa chuoni mwambie kwa adabu, au mchukulie hii barua asome. Kupeana mkono si njia kubwa ya kupata chunjua. Virusi vinataka ngozi iliyochubuka au iliyoroa, na vinataka mgusano wa mara kwa mara, na mtoto akiwa na plasta kidoleni hatari yenyewe inakuwa ndogo sana. Kumtenga hakuwakingi wenzake, nao watakutana na virusi hivi hivi kwenye mpira, kwenye sakafu, kwenye taulo. Mtoto atawadhe na wenzake, mfereji ni maji yanayopita. Cha kuangalia ni sakafu yenye maji pale penye kutilia udhu, hapo kila mtoto avae ndara zake mwenyewe, sio zile za kuvaana. Na kwako bafuni lile jiwe la kusugulia visigino ambalo nyumba nzima mnalitumia, kila mtu awe na lake, nyumba nyingi nimekuta chunjua za nyayo zinazunguka kwa njia hiyo. Taulo yake iwe yake. Baharini aende akaogelee, maji ya chumvi hayana kosa, akitoka tu akauke vizuri. Akiwa anatafuna kucha au kuchokoa chunjua mzuie kwa upole, hapo ndipo anapozipanda mwenyewe kidole hadi kidole na mwisho mdomoni. Kijana mkubwa mwenye zile ndogo bapa kidevuni aache wembe kwa muda, kila akinyoa anazisambaza mstari mzima.

Babake mtoto. Wapara samaki na wauza nyama wanapata chunjua za mikono kuliko watu wengine, sio kwamba samaki ana chunjua, hivi ni virusi vya binadamu. Ni kwa sababu mkono uko kwenye maji na barafu tangu alfajiri, ngozi imelainika, halafu miba na magamba na kisu vinaichanja kila dakika. Avae glavu nene za mpira zinapowezekana, asiazime kisu wala glavu ya mwenzake, akimaliza akaushe mikono na apake mafuta mazito yasiache ngozi ipasuke. Naye atibiwe pamoja na mtoto, usiku huo huo, beseni mbili. Mkimtibu mtoto peke yake mnaacha chanzo kimoja nyumbani, na zaidi ya hayo mtoto akiona baba naye ameloweka mikono hatahisi ni yeye tu mwenye kasoro. Ila yeye ni mtu mzima na umesema anazo miaka na miaka, kwa hivyo akiwa na iliyo pembeni au chini ya ukucha isiyopona, inayotoa damu, iliyochimbika katikati au inayokua haraka, asitie dawa, aonwe, huenda ikahitaji kukatwa kipande kipimwe kwa sababu saratani ya ngozi inaweza kujificha kwa sura ya chunjua.

Kwa mtoto, mlete kwa daktari bila kungoja hizo wiki 12 kama zinatokea usoni au karibu na macho, kama zinaongezeka kwa makumi ndani ya muda mfupi, kama anaumwa hawezi kukanyaga, au kama huna hakika ni chunjua. Na chunjua ikitokea sehemu za siri za mtoto, mpeleke aonwe na mtu anayejua watoto, kwa utulivu, bila kumfokea wala kumhoji mwenyewe. Wakati mwingine ni virusi vya mikono yake au vya anayemuogesha, wakati mwingine kuna jambo mtoto hajaweza kulisema, na kulitenganisha hilo ni kazi ya hospitali.

Leo usiku kabla hujanunua chochote, panga mikono yake juu ya kitambaa cheupe penye mwanga, weka sarafu ya shilingi kumi kando, piga picha, na unyayo pia. Piga tena kila baada ya wiki mbili pahali pale pale na sarafu ile ile. Chunjua inapungua polepole sana, macho ya kila siku hayaoni, utaona kwenye picha kabla hujaona kwenye kidole. Na hizo picha angalieni pamoja na yeye.